Kutoka Mlalo Hadi Amani kwa Njia ya Matangazo

Niliondoka Mlalo kwa sababu ya mapeasi. Mjomba wangu Zakaria alikuwa na miti minane ya mapeasi nyuma ya nyumba, na kila siku ya soko alikaa na kapu lake katikati ya watu ishirini wenye makapu yale yale ya mapeasi yale yale. Siku moja aliniambia, "Elia, umesoma mpaka darasa la nane na bado kazi yako ni kunibebea kapu. Fanya jambo la msomi." Nikaokota kipande cha ubao, nikaandika kwa chaki: MAPEASI YA ZAKARIA. MWENYE MENO ATATAFUNA, ASIYE NA MENO ATAFYONZA. Kufika saa nne asubuhi kapu lilikuwa tupu, na vikongwe wawili wasio na meno walikuwa wakigombea la mwisho.

Ilikuwa mara tu baada ya Uhuru, bendera mpya zilikuwa hazijaanza kupauka. Mgoa mmoja mfupi mwenye kofia, jina lake Bwana Pinto, alikuwa amepanda kutoka Tanga kuleta kalenda za misheni. Alisimama mbele ya ubao ule akausoma mara mbili, kisha akauliza, "Nani ameandika hii?" Mjomba alidhani ni mtu wa ushuru. Alininyooshea kidole upesi kuliko inavyompasa mjomba.

Kumbe Bwana Pinto alikuwa na kiwanda cha uchapaji Tanga, na wenye viwanda na maduka walimtaka awatungie matangazo ya Kiswahili. Alihitaji mtu wa kuyatunga. Nilienda kumuaga Naomi, mchumba wangu, binti wa Mwinjilisti Yohana. Mwinjilisti alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyesikiliza kila neno kana kwamba baadaye ataulizwa juu yake. Nilipomwambia nakwenda kuandika matangazo, akaitikia kwa kichwa. Kwake yeye matangazo yalikuwa yale anayoyasoma kanisani kila Jumapili kabla ya sadaka: fulani ni mgonjwa, ng'ombe wa fulani amepotea, fulani na fulani wanakusudia kufunga ndoa. "Ni kazi njema," akasema. "Mkae miaka michache, kisha nitasoma na lenu."

Mama yangu aliwaeleza majirani kwamba mwanawe amepata kazi ya kupiga mbiu, ila hatapewa mbiu.

Tanga nilifika jioni, nikiwa nimevaa sweta. Ndani ya nusu saa nililivua, na kwa miaka miwili sikulivaa tena. Bwana Pinto alinipa meza kando ya mtambo wa kuchapia. Wakati huo katani ilikuwa bado ikiulisha mji, na kazi hazikukosekana: baiskeli, mafuta ya taa, viatu vya mpira. Nilijifunza kwamba mwenye bidhaa hapendi kusifiwa kidogo. Ukimwandikia "baiskeli hii ni imara" atakuuliza kwa nini hukusema ni imara kuliko zote.

Ndipo akaja mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, akataka tangazo litakaloshinda yote yaliyotangulia. Nilikesha mchana kutwa, kama ambavyo watu wengine hukesha usiku, na alasiri nikapata maneno matatu: INATOA KILA KITU. Bwana Pinto alicheka kwa furaha akayachapa kwa herufi kubwa nyekundu. Kila duka la mtaa wa Ngamiani lilibandika tangazo lile.

Baada ya wiki moja, asubuhi, waliingia kiwandani akina mama watano. Mbele yao alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Walibeba vikapu. Bi Mwanaidi alitoa kanga yake akaikunjua juu ya meza yangu, ikawa kama shuka la hospitali. Hapakuwa na ua, hapakuwa na pindo, na hata jina halikusomeka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ni mimi."

"Hatukuja kugombana. Ulisema inatoa kila kitu, na kweli imetoa kila kitu. Kosa ni letu. Sisi tulidhani unasema uchafu."

Bwana Pinto alitoka nyuma ya mtambo, akaziona kanga tano nyeupe, akarudi nyuma ya mtambo. Nilibaki na akina mama wale mpaka saa sita. Bi Mwanaidi hakupandisha sauti hata mara moja, na laiti angepandisha. Mwenye sabuni aliwalipa kanga mpya, na mimi nikapewa kazi ya kuandika upya: INAFAA KWA NGUO NYEUPE. Tangazo lile halikumchekesha mtu wala kumfurahisha mtu, na sabuni ikauzwa polepole kwa watu wenye nguo nyeupe.

Nairobi nilikwenda kwa treni hadi Moshi, kisha kwa basi kupitia Arusha na Namanga, nikiwa na barua ya Bwana Pinto mfukoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niende. "Kule ni kampuni kubwa," alisema. "Ukiharibu, unaharibu kwa watu wengi, huwezi kuwaona wote."

Katika kampuni ile, mtu yeyote aliyetoka Tanga alihesabiwa kuwa bingwa wa Kiswahili. Mkuu wangu, Mwingereza aliyeitwa Bwana Hobbs, alinitambulisha kwa wageni kama "mtaalamu wetu kutoka pwani." Sikumwambia kwamba kwetu ni milimani, kwamba nyumbani tunasema Kishambaa, na kwamba Kiswahili nilikipata shuleni pamoja na viboko. Siku moja nilikuwa na homa, akaniamkia ofisini, nami nikamjibu kwa salamu ya kwetu, "Onga mshi." Akaandika kwenye daftari lake. Wiki nzima iliyofuata aliwaamkia wapagazi, wapishi na dereva kwa "Onga mshi", akiamini ni Kiswahili cha ndani kabisa. Walimwitikia kwa heshima. Hakuna aliyetaka kuonekana hajui.

Mwaka wangu wa pili pale, ikaja kazi ya bia. Nilitunga maneno: MWANAMUME KAMILI HUJULIKANA KWA KINYWAJI CHAKE. Mimi mwenyewe sikuwahi kuonja bia tangu nizaliwe. Nilikuwa Mlutheri wa Mlalo. Lakini hata mtu asiye na baiskeli huweza kuisifia baiskeli, nami niliandika bila wasiwasi.

Siku ya kupiga picha, mwanamichezo aliyeajiriwa awe mwanamume kamili hakutokea. Mpiga picha alikuwa tayari, taa zinawaka, na suti imening'inia. Bwana Hobbs alitutazama mmoja mmoja, macho yakaniangukia.

"Elia, wewe una meno mazuri."

"Mimi sinywi, bwana."

"Hutakunywa. Utashika tu."

Suti ilikuwa ya mtu mara mbili yangu. Waliikaza kwa nyuma kwa vibanio vya kuanikia nguo, kumi na moja kwa hesabu yangu, hata nikasimama kama niliyefungwa ubao. Kumbe bia yenyewe haikai vizuri chini ya taa, povu hufa. Kwa hiyo waliniwekea glasi ya chai baridi ya rangi, na juu yake povu la sabuni. "Tabasamu kama mtu aliyemaliza kazi ya siku," akaniambia mpiga picha. Nilitabasamu kama mtu mwenye vibanio kumi na moja mgongoni. Walisema ni vizuri sana.

Miezi mitatu baadaye nilipata barua ya Naomi. Nitaiandika kama ilivyokuwa, maana nilikuja kuijua kwa moyo.

"Elia, salamu. Sisi hatujambo. Baba alishuka Mombo kumpokea mgeni wa kanisa. Amekuona pale kituoni, umebandikwa juu ya ukuta wa hoteli, mkubwa kama mlango, na glasi mkononi. Amesema umenenepa. Hajasema kitu kingine tangu Jumanne. Mimi nimemwambia labda ni mtu anayefanana nawe, akanijibu kwamba kovu lako la kwenye nyusi halifanani na la mtu. Kama una neno la kusema, njoo uliseme kwa mdomo wako."

Niliomba likizo. Bwana Hobbs alisema hawezi kuniachia kwa sababu bia inauzwa vizuri na huenda wakataka picha nyingine. Niliwaza picha nyingine kwa muda wa chai moja, kisha nikaandika barua ya kuacha kazi.

Mombo nilishuka saa saba mchana, na jambo la kwanza nililoliona ni mimi. Naomi hakuwa ametia chumvi. Nilikuwa mkubwa kama mlango. Chini yangu palikuwa na mama anayeuza ndizi za kuchoma. Aliniangalia, akaangalia juu, akaniangalia tena.

"Kaka, ni wewe?"

"Hapana," nikasema.

"Basi ni pacha wako," akasema, "na yeye ndiye mwenye bahati."

Basi la kupanda Lushoto lilichelewa saa mbili. Katika saa hizo mbili watu sita walikuja kunishika mkono, na wawili waliomba niwanunulie bia. Nilivuta kofia mpaka puani. Barabara ile ya kupanda kupitia Soni ina kona nyingi, na kila kona nilitunga maneno mapya ya kumwambia Mwinjilisti, nikiyaacha kwenye kona inayofuata. Nilipofika Mlalo sikuwa na hata moja.

Asubuhi ya pili nilimkuta Mwinjilisti Yohana uani kwake, anachagua mbegu za maharage kwenye ungo. Naomi alikuwa jikoni. Nilimsikia ameacha kuosha vyombo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza yote, kuanzia mwanamichezo asiyetokea mpaka vibanio. Nilisisitiza hasa ile glasi. "Haikuwa bia, baba. Ilikuwa chai, na povu la sabuni juu. Sijawahi kunywa bia mpaka leo."

Alichagua maharage matatu, akatupa moja.

"Kwa hiyo hukunywa."

"Sikunywa."

"Lakini umewaambia watu wote wa Mombo kwamba unakunywa, na kwamba asiyekunywa si mwanamume kamili."

Nikaliokota lile harage alilolitupa.

"Elia, kama ungekuwa umekunywa, ningejua la kufanya. Mlevi huombewa. Wewe umeshika chai ukasema ni bia. Huyo anaombewaje?" Akaweka ungo chini. "Binti yangu sijamnyima mtu. Lakini mimi ndiye ninayesoma matangazo ya ndoa kanisani, na nikisimama pale, watu hujua ninachosoma ni kweli. Tangazo la mtu wa matangazo sitalisoma mpaka nimsikie akisema neno moja mbele za watu ambalo halimpi faida."

Naomi alinisindikiza mpaka njia panda. Nilimuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akasema, "Mimi nitangoja. Lakini usinipe kazi ya kungoja mpaka niwe wa kufyonza mapeasi ya mjomba wako." Kisha akaniuliza sabuni ile ilikuwa na ladha gani. Nilimwambia iliniingia mdomoni kidogo. Alicheka mpaka akashika mti.

Dar es Salaam nilikwenda kutafuta kazi ya kweli, na nikadhani nimeipata. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa, kampuni nyingi zimekuwa mali ya umma, na tuliitana ndugu kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi. Niliajiriwa katika ofisi ya kutengeneza mabango ya maendeleo. Hakuna bia, hakuna suti ya mtu mwingine. Nilimwandikia Naomi kwamba sasa nasifia vitu visivyouzwa. Sikujua kwamba baada ya muda kidogo hata vile vinavyouzwa havitaonekana dukani, na kwamba kuna siku nitaagizwa kuandika bango la sukari likieleza faida za chai isiyo na sukari.

Kwa miaka kadhaa niliandika juu ya vyoo, maziwa, shule ya watu wazima. Nilikuwa hodari. Kisha likaja agizo la bango la kilimo kwa mikoa yote. Mchoraji wetu, kijana aliyekulia bonde la Rufiji, alichora trekta jekundu kwenye shamba lililonyooka mpaka mwisho wa dunia. Mimi nikaandika: TREKTA LIMEFIKA. JEMBE LA MKONO SASA LIPUMZIKE. Niliandika nikiwa nimekaa kwenye kiti, feni inazunguka. Mkuu wetu alilipenda hata akaamua watungaji waende na maofisa vijijini wakalieleze. Akaangalia orodha. "Wewe Ndugu Elia ni mtu wa Lushoto. Utakwenda kwenu."

Mlalo tulifika kwa Landrova, mimi na Bwana Afisa wa mkoa, mtu mpole mwenye kipaza sauti cha mkononi ambacho hakukiachia hata wakati wa kula. Saa tatu asubuhi watu walikuwa wamekusanyika kwenye kiwanja cha shule. Jukwaa lilikuwa madawati manne. Bango langu lilitundikwa kwenye mti, na nyuma yake, kwa wote kuliona, ulisimama mlima wenyewe na mashamba yake. Mashamba ya kwetu yamesimama hivi kwamba boga la jirani wa juu likikomaa huvunwa na jirani wa chini.

Bwana Afisa alihutubia vizuri. Watu walipiga makofi pale walipopaswa. Nilimwona Mwinjilisti Yohana mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo. Naomi alikuwa upande wa wanawake, na karibu naye alikuwa mama yangu, ambaye sikuwa nimepata nafasi hata ya kumwamkia.

"Kuna swali?" akauliza Bwana Afisa.

Mama akasimama.

"Nina swali kwa huyo kijana aliyekaa pembeni, aliyevaa viatu vizuri."

"Uliza, mama," akasema Bwana Afisa, asijue ni mama yangu.

"Hapo pameandikwa trekta limefika. Mimi nimeamka alfajiri, nimepita sokoni, nimepita kanisani, sikuliona. Limefika wapi? Na likifika, litasimama wapi? Hapa kwetu mbuzi hufungwa kamba, si kwa kuogopa wezi. Hufungwa asianguke."

Watu hawakucheka. Walikuwa wakimngoja kijana mwenye viatu vizuri. Bwana Afisa akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza, "Sema liko njiani."

Nilijua jinsi ya kulisema hilo. Nilikuwa na maneno matano tofauti ya kulisema, na kila moja lingepigiwa makofi. Nikaona uso wa mama, nikakumbuka kwamba huyu ndiye atakayeamka kesho alfajiri akatazame kama limefika. Nikaweka kipaza sauti chini, maana kijiji kizima kilikuwa kikinisikia bila hicho.

"Shikamoo mama," nikasema. "Bango hili nimeliandika mimi. Niliandika nikiwa Dar es Salaam, mahali tambarare. Trekta halijafika. Sijui kama litafika. Na hata likifika Mombo, litabaki Mombo, maana hapa haliwezi kupanda, na likipanda halitashuka kwa njia nzuri. Jembe lisipumzike."

Mzee mmoja nyuma akasema kwa Kishambaa, "Hongea," asante, na hapo ndipo walipocheka, kicheko kirefu kilichoanza kwa wanawake kikazunguka kiwanja chote. Bwana Afisa naye alicheka kabla ya kujizuia. Mama alikaa chini akajifunga vizuri kitenge chake, kama mtu aliyemaliza shughuli.

Tukiwa tunateremka kwenda Lushoto, Bwana Afisa aliniambia, "Ulichosema ni kweli kabisa. Ndiyo sababu itanibidi nikuandikie ripoti." Hakuniandikia kwa chuki. Alinisomea kila sentensi aniulize kama iko sawa, na mahali pawili nilimrekebishia lugha.

Jumapili ile sikuwepo Mlalo. Nilikuwa nimekaa Lushoto nikingoja adhabu. Lakini mjomba Zakaria alikuja kwa basi kunieleza. Mwinjilisti alisoma habari za wagonjwa, akasoma habari za ng'ombe, kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma: Elia na Naomi wanakusudia kufunga ndoa, mwenye kujua kizuizi aseme. Mjomba alisema watu wote waligeuka kumtazama Mwinjilisti mwenyewe, kwani ndiye peke yake waliyemjua kuwa na kizuizi. Akakunja karatasi akasema, "Mimi sina," akaendelea na sadaka.

Adhabu ilikuja kwa bahasha ya kaki. Nilihamishiwa Amani, upande wa pili wa Usambara, kwenye kituo cha utafiti katikati ya msitu, kuandika vibao vya majina ya miti. Wenzangu wa Dar waliniandikia kunipa pole. Tulifika mimi na Naomi, tayari tumeoana, mvua inanyesha, tukapewa nyumba yenye ukungu sebuleni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: jina la mti, umetoka nchi gani, una manufaa gani. Mistari mitatu. Mwezi wa kwanza mkono wangu ulitaka kuongeza. Niliuandikia mvule kwamba hauna mfano duniani, Naomi akakisoma kibao, akaniuliza, "Duniani pote umekwenda?" Nikafuta. Mwezi wa tatu mkono ulitulia, na nikaanza kulala usingizi ambao sikuwa nao tangu Tanga.

Mwaka uliofuata, Mwinjilisti Yohana alikuja kutuona. Baada ya uji alisema anataka kuona kazi yangu. Tukatembea asubuhi nzima. Alisimama mbele ya kila kibao, akakisoma mpaka mwisho, kisha akautazama mti kwa muda mrefu kana kwamba anautaka nao utoe ushahidi. Nilitembea nyuma yake.

Karibu na saa sita tukafika kwenye mti mmoja mkubwa wa zamani. Kibao kilisema: MKAFURI. ASILI YAKE UCHINA NA UJAPANI. UKISUGUA JANI LAKE, HARUFU YAKE UTAIJUA. Alikisoma. Akaweka fimbo chini, akachuma jani, akalisugua taratibu kati ya vidole vyake vikavu, akanusa. Akanusa tena, macho amefumba.

"Ni kweli," akasema.

Akalitia lile jani katika Biblia yake, akaokota fimbo, akaenda kusoma kibao kinachofuata.